Beba Mkasi, Shuka Mtoni

Ndugu yangu unayeishi Phoenix, Tucson au Salt Lake City, uliyefika huko kutoka Bukavu, Kigoma au Mombasa, iko kazi ya sayansi inayokungoja, na haikuulizi una shahada gani. Fuata kingo za mto Colorado, Gila, Green au San Juan. Utakuta vichaka vya vijitawi vyembamba, na juu yake maua madogo ya rangi ya waridi yamesongamana. Hiyo ndiyo mitamariski. Ililetwa Marekani kutoka ng'ambo katika karne ya 19, ikapandwa iwe pambo, ikinge upepo na kuzuia mmomonyoko, kisha ikatoroka na kushika mito ya jangwani. Wapita njia huiona magugu tu. Wewe itazame vizuri!

Mwaka 2002, John Gaskin na Barbara Schaal walichapisha utafiti wa vinasaba vya mitamariski hiyo. Waligundua kwamba iliyoenea zaidi ni chotara wa Tamarix ramosissima na Tamarix chinensis, chotara ambaye hawakumpata Asia, kwao wazazi wake. Yaani mmea ambao kila mvuvi na mchunga ng'ombe alikuwa akipishana nao haukuwa umejulikana ni nani. Ulikuja kujulikana kwa sababu kuna watu walioinama, wakakata vijitawi na kuandika vimetoka wapi.

Na muda hausubiri. Mwaka 2001 mbawakawa wa jamii ya Diorhabda walianza kuachiliwa porini ili waule mtamariski. Mwaka 2010 Idara ya Kilimo ya Marekani ilisimamisha mpango huo, kwa kuhofia ndege mdogo aliye hatarini kutoweka ambaye hujenga kiota ndani ya vichaka hivyohivyo. Lakini mbawakawa hasomi barua za serikali, aliendelea kusambaa. Kichaka unachokiona kijani leo huenda mwakani kikawa kimekauka. Ukikusanya sampuli za mmea huu sasa, atakayeuliza miaka hamsini ijayo atapata jibu.

Basi anza na kibali. Mwombe mwenye ardhi. Na ndani ya hifadhi kama Grand Canyon, usikate hata kijiti bila ruhusa ya maandishi. Kisha tafuta tawi lenye maua, maana kwa majani peke yake spishi hizi zitakuchanganya: yote ni magamba madogo yaliyobana kijiti, mara nyingi yana chembe za chumvi ambayo mmea wenyewe huitoa. Weka ua chini ya lenzi. Hesabu petali. Zikiwa nne, huenda umekutana na Tamarix parviflora. Zikiwa tano, angalia mahali stameni zinapoota kwenye kisahani kilicho katikati ya ua. Sehemu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mtama, lakini wataalamu huitegemea sana kutofautisha spishi. Ukiiona kwa jicho lako mara ya kwanza, utasahau jua la Arizona.

Tandaza tawi kati ya magazeti, libane kwa mbao na mikanda, badilisha karatasi kila siku mpaka likauke. Kijitawi kingine kitie kwenye bahasha yenye silika jeli, kwa ajili ya vinasaba. Kung'uta viatu na nguo kabla ya kuondoka, kwa sababu mbegu zake zina manyoya na husafiri kirahisi.

Halafu andika, papo hapo mtoni, usingoje kufika nyumbani! Tarehe, jina la mto, latitudo na longitudo, urefu wa mmea, rangi ya maua kabla haijapauka, udongo, mimea jirani, na kama umeona mbawakawa. Tawi lisilo na maelezo haya, hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, haiwezi kulitumia, hata liwe zuri namna gani.

Wakusanyaji huhesabu sampuli zao mfululizo maisha yote. Piga simu hebaria ya chuo kikuu kilicho karibu nawe wiki hii, uliza wanataka nini kutoka mto wako, kisha fungua daftari jipya, andika jina lako kamili, na pembeni yake: namba 1.