Baba, Nzi na Kata ya Maji

Baba hakuwa na saa ya kengele. Kule Pangani, mwadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti, yeye yuko uani anatia udhu. Mdogo wangu aliamshwa kwa kata ya maji ya mtungini. "Mvivu wa ibada," tulimwita, na jina likamganda hadi akaota ndevu.

Leo kazi yangu ni nzi wa matunda. Nawalea kwenye chupa zenye uji mgumu wa mahindi, sukari na hamira; nawalaza kwa gesi ya kaboni dioksidi, nawachambua kwa ncha ya brashi chini ya hadubini. Kisha kila mmoja namtia kwenye kijibomba cha kioo, gizani usiku na mchana. Kila akikatiza mwale wa mwanga usioonekana unaopita katikati, kompyuta inahesabu. Hakuna jua wala jogoo, lakini saa yake ikifika, nzi anaamka.

Mwaka 1971 huko California, Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer walitangaza nzi wa ajabu: wengine siku yao ilikuwa ya saa 19, wengine saa 28, wengine hawakuwa na mpangilio wowote. Kasoro zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja. Mwaka 2001 jeni ya binadamu iliyo ndugu na hiyo ilikutwa na kasoro katika ukoo mmoja wa Utah, watu wanaosinzia jioni na kuamka kabla ya kupambazuka.

Niliposoma habari zao nilimwona baba. Sikuwahi kumpima, lakini swali lilinikaa kooni: kama ni jeni iliyomfumbua macho, thawabu ya alfajiri ni ya nani?

Nimelitafakari miaka mingi. Naamini kufumbua macho hakukuwa ibada yake. Angeweza kujifunika shuka tena. Akaenda kwenye maji ya baridi, na hapo ndipo penye nia. Wenzangu husema hata nia ni neva tu. Sawa, lakini nzi wa mama mmoja, jeni karibu zilezile, chupa ileile, hawafanani: huyu atapanda ukutani, mwenzake atabaki chini anasugua miguu.

Na mdogo wangu? Rakaa zake mbili, macho yamevimba, huenda zilimgharimu kuliko za sisi sote.

Ramadhani iliyopita nilimpigia simu kumwomba radhi. Aliyekuwa akishika ile kata ya maji ni mimi.