Sauti ya Zamani na Haki ya Mwimbaji

Wako watu, tena si wachache, ambao kwa miezi mizima hungojea santuri moja ya zamani itolewe upya. Nyimbo zake wanazijua kwa moyo. Wanachongojea ni sauti iliyosafishwa. Mafundi wameutafuta utepe wa kwanza, wameondoa mikwaruzo na mavumi, wamepima upya nguvu ya kila chombo, hata gitaa lililozama chini ya ngoma lasikika tena. Wapenzi hao huulizana habari, hubishana juu ya tarehe, huweka fedha akiba. Mzee wa nyumba akiwaona atasema kwamba huo ni upuuzi wa vijana. Sisi hatuthubutu kusema hivyo upesi, kwani ndani ya kungoja huko limo swali linalotuhusu sote: sauti ya mtu ni mali ya nani, na anayeifurahia ana deni gani?

Tutazame mfano kwa jirani zetu wa Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walipiga roki ya namna yao wenyewe, ambayo leo yaitwa Zamrock. Kundi lililopata sifa kuliko mengi liliitwa Witch, na mwimbaji wake alikuwa Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Uingereza. Mwaka 1975 walitoa santuri iitwayo Lazy Bones!!. Kisha bei ya shaba ilianguka, uchumi wa nchi ukayumba, na muziki ule ukanyamaza. Miaka ilipopita, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta santuri zile kwa bei kubwa, na katika karne hii zikatolewa upya, zikangojewa kwa hamu na watu ambao hawajapata kukanyaga Zambia. Lakini wakati huo wengi wa wenzake Chanda wa kundi la kwanza walikuwa wamekwisha kufa, na ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa na sehemu yake katika misiba hiyo. Chanda mwenyewe alikuwa akijitafutia riziki katika kuchimba vito. Kwa neema ya Mungu alirudi jukwaani akiwa mtu mzima, na mwaka 2023 jina la Witch likatokea tena katika santuri mpya. Wenzake hawakuiona siku hiyo. Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Hapa pete ilikuja vidole vingi vikiwa vimekwisha kuzikwa.

Je, kungoja kwa wapenzi wale ni kosa? Hasha. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake, alipotaka kueleza wakati ni kitu gani, alichukua mfano wa mtu anayetaka kuimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, moyo wake waingojea zaburi nzima. Akiendelea kuimba, kungojea kwapungua na kumbukumbu yaongezeka, mpaka yote imehamia katika kumbukumbu. Basi kungoja wimbo unaoujua ni tendo la roho ya kibinadamu. Mnyama hangoji wimbo. Anayetamani kusikia vema yale aliyoyasikia vibaya anaonyesha kwamba ameumbwa apende kilicho kizuri, na kwamba kupita kwa wakati kwamhuzunisha. Hamu hiyo, ikielekezwa vema, yaweza kumfikisha kwa Yule asiyepita.

Lakini kila hamu njema ina hatari yake. Hatari ya hii ni kuipenda sauti na kumsahau mwenye sauti. Fundi aweza kuondoa kila uvumi katika utepe, na bado pakabaki sauti moja ambayo mitambo haiwezi kuiondoa. Mtume Yakobo, katika barua yake, aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji wa mashamba yao walia, na kilio hicho chafika masikioni mwa Mungu. Mwimbaji naye ni mvunaji. Ikiwa wimbo wake wauzwa mara ya pili na ya tatu, na yeye au mjane wake hapati kitu wala hatajwi jina, basi santuri ile haijasafika, hata ikilia kama kengele ya fedha.

Tena twaona kwamba jambo hili laweza kutendwa kwa haki. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo yake, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Miaka minne baadaye alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, na nyimbo zile zikatunzwa humo. Mwaka 2014 watunzaji wa maktaba hiyo, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, walizirudisha nyimbo kwa Wakipsigis wenyewe, baada ya miaka zaidi ya 60. Hivyo wajukuu waliweza kusikia sauti za watu wao. Kuzisafisha sauti ni jambo jema. Kuzirudisha nyumbani ni jema zaidi, kwa maana ndipo haki ilipoanza kutendeka.

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya wakusanyaji wa mbali, wala hayaihusu familia yetu. Na aje pamoja nasi mpaka Enguserosambu, katika Wilaya ya Ngorongoro, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kenya. Hapo upo msitu unaotunzwa na wanavijiji wenyewe, nao ni chemchemi ya maji yao na ya mifugo yao. Mzee wa Kimasai hakuupokea msitu huo katika sanduku. Aliupokea ukiwa hai, na sharti aukabidhi ukiwa hai. Hali kadhalika nyimbo. Olaranyani huanzisha, wenzake huitikia kwa sauti nzito za kifuani. Akina mama humwimbia Engai wakimwomba mvua na watoto. Wimbo wa namna hiyo hausafishwi na fundi. Husafishwa na koo la kijana aliyeusikia kwa babu yake na sasa anauimba mwenyewe, mbele ya wazee watakaomsahihisha akikosea.

Lakini leo simu yenye kamera imefika hata huko. Mgeni aweza kusimama penye sherehe, akarekodi wimbo wa akina mama kwa dakika tano, akaenda zake, na kabla ya jua kutua watu wa nchi nyingine wakawa wanausikiliza. Nani aliombwa ruhusa? Jina la nani liliandikwa? Mali ya nani ilichukuliwa? Katika nchi yetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yazilinda hata sanaa za jadi. Walakini sheria huja nyuma ya dhamiri. Mtu asiyeona aibu kuchukua sauti ya mama aliye mbele yake hatazuiwa na karatasi.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, tusiwakemee watoto wetu kwa kuwa wanangojea muziki wa zamani. Tuwafundishe namna ya kungoja. Kwanza, wasinunue wala kusambaza nakala iliyoibwa, wakidhani kwamba wizi wa sauti si wizi. Pili, wajue majina: nani aliimba, nani alipiga gitaa, nani alitunga. Tatu, anayetaka kurekodi sauti ya mtu amwombe kwanza, amwandike jina, na kama kuna faida, wagawane. Nne, nyimbo za babu na bibi zisiachwe kwenye simu tu. Ziimbwe nyumbani na kanisani, maana wimbo usioimbwa na mtu hai umekwisha kuwa nusu maiti, hata ukihifadhiwa vizuri namna gani.

Sisi Wakatoliki tuna shule kubwa ya jambo hili. Kristo hakutuachia utepe wa sauti yake, ingawa aliweza kuzaliwa katika karne ya mitambo kama angalitaka. Alituachia tendo na watu wa kulitenda kwa ukumbusho wake. Kila siku padri, mwenye koo lake hili hili dhaifu, hutamka maneno yale ya Karamu ya Mwisho, nayo si marudio ya kitu kilichokufa. Katika sala hiyo hiyo huwaombea waliolala katika matumaini ya ufufuko.

Basi, siku santuri ya zamani itakapofika mkononi mwako, isikilize kwa furaha. Na ukisikia sauti ya aliyekwisha kufa, umwombee raha ya milele. Kisha uulize kama amebaki mjane au mtoto anayestahili kulipwa.