Neno Nililokariri ni Langu?



Tangu nianze kujiandaa na IELTS kuna swali linanisumbua. Ukikariri neno gumu la Kiingereza ili upate alama tu, siku unaliandika kwenye mtihani unasema kweli au unajifanya?

Kwa wasioujua mtihani huu: insha kubwa inatakiwa isipungue maneno 250, na unashauriwa uitumie dakika kama 40. Msamiati peke yake unabeba robo ya alama za insha hiyo. Kwa anayetafuta nafasi ya kusoma uuguzi Uingereza si mchezo, ndiyo maana vijana tunameza orodha ndefu, "plethora", "ubiquitous", "myriad", halafu tunayachomeka popote penye nafasi.

Mwenzangu mmoja wa VIWAWA anasema huo ni uongo mtupu, maana mtahini anaamini neno ni lako kumbe ulilimeza jana usiku. Mimi sikubali. Sala ya Baba Yetu tuliikariri tukiwa wadogo kabla hatujajua kusamehe kunaumaje, na hakuna katekista aliyetuita waongo. Neno la kukariri ni kama mkopo: unalichukua leo, maana yake unailipa polepole.

Ila kuna mahali mwenzangu amegusa ukweli. Chukua "eradicate" na "alleviate". La kwanza ni kung'oa mpaka mzizi, la pili ni kupunguza makali. Nikiandika kwamba mikopo midogo ita-"eradicate" umaskini kwa sababu tu neno linasikika vizuri, nimeahidi kitu nisichokiamini. Kwenye insha naweza kupoteza alama. Wodini ni hatari zaidi: muuguzi akimwambia ndugu wa mgonjwa kwamba dawa hii itaponya, wakati anajua inatuliza maumivu tu, amewapa watu tumaini la bandia. Na Kiswahili chetu tofauti hiyo kinaijua siku zote, kuponya na kutuliza. Kwa hiyo kujifunza maneno haya kwa makini, siyo kwa wingi, naona ni sehemu ya kusema kweli.

Kinachonitisha mimi ni kingine. Mtakatifu Augustino, ambaye kabla ya kubatizwa alikula mshahara kwa kufundisha ufasaha wa kusema, anaeleza katika kitabu cha kwanza cha Maungamo jinsi wasomi wa wakati wake walivyoona aibu zaidi mtu akikosea kutamka "binadamu" kwa Kilatini kuliko akimchukia binadamu mwenyewe. Jamani, si ndiyo sisi? Mtu akivunja Kiingereza mbele za watu, klipu inazunguka magrupu yote kabla ya jioni, na wanaoisambaza wengine ni wanakwaya. Hao nao walilijua neno sahihi kwa kukariri tu, wamemtangulia mwezi mmoja au miwili.

Daftari langu sasa lina utaratibu mmoja: neno nisiloweza kumweleza bibi kwa Kiswahili akaelewa, haliingii kwenye insha. "Alleviate" alilielewa haraka, akasema ni kama maji ya uvuguvugu kwenye magoti yake. "Plethora" bado tunabishana.

Mtihani ni mwezi ujao. Mniombee.