Anayecheza Ugenini ni wa Nani?



Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kwaya yetu alipata nafasi ya kwenda kuishi Marekani. Alikuwa na kipawa. Alipiga gitaa, aliimba sauti ya tatu bila kufundishwa na mtu, na uwanjani ilikuwa vigumu kumnyang'anya mpira. Alikuwa pia mtu asiyetabirika: leo anafika mazoezini kabla ya wote, kesho haonekani kabisa. Tulimwombea, tukala pamoja, tukamsindikiza hadi kwenye basi. Lakini kabla basi halijaondoka, mfukoni mwake mlikuwa tayari na vikaratasi saba. Kila kikaratasi kilikuwa na jina, namba ya simu, na haja: karo, mabati, pikipiki, dawa ya mama.

Tutamrudia kijana huyo. Kwanza tujiulize swali. Methali inasema mcheza kwao hutuzwa. Je, anayecheza ugenini, kwa watu wasiojua wimbo wake, yeye ni wa nani? Kipawa chake ni mali ya waliomlipa, ya ndugu waliomzaa, au yake mwenyewe? Kulijibu swali hili tumechukua habari za mtu ambaye ndugu zetu wa Sudan Kusini wanamjua vizuri, yaani marehemu Manute Bol.

Manute alikuwa Mdinka, mwana wa wafugaji wa upande wa Turalei. Alikua akichunga ng'ombe. Urefu wake ulikuwa mita 2 na sentimita 31. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana mkubwa, akacheza Wau na baadaye Khartoum, ambako kocha kutoka Marekani alimwona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akavuka bahari. Kiingereza hakukijua, na kusoma kulimpa shida. Hata umri wake ulibishaniwa. Inasimuliwa kwamba katika pasi yake aliandikwa urefu wa mtu mfupi sana, kwa sababu afisa alimpima akiwa amekaa. Wengi wetu tulioandikiwa kwenye kadi kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari tunaelewa jinsi karatasi inavyoweza kumsema mtu asivyo.

Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ilitaka kumchukua, ligi ikakataa. Alikwenda kusoma Kiingereza, akacheza msimu mmoja katika chuo kikuu cha Bridgeport, na mwaka 1985 akachukuliwa na Washington Bullets katika ligi ya NBA. Katika msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397 isiingie kikapuni. Hakuna aliyezuia mingi kuliko yeye katika ligi nzima msimu ule. Hadi anaacha kucheza alikuwa amefunga pointi 1,599 na kuzuia mipira 2,086. Mchezaji aliyezuia mingi kuliko pointi alizofunga ni jambo lisilo la kawaida kabisa. Kwa kazi yake alikuwa mlinzi wa mlango, kama alivyokuwa mlinzi wa ng'ombe.

Lakini watu wengi waliokuja uwanjani walikuja kutazama mwili wake. Msimu wa 1987 hadi 1988 timu yake ilikuwa pia na Muggsy Bogues, mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60, na wapiga picha hawakuchoka kuwasimamisha pamoja. Baadaye, akiwa Golden State Warriors, kocha alimruhusu kutupa mpira kutoka mbali, kwenye mstari wa pointi tatu. Mtu mrefu kiasi hicho, mwenye mikono myembamba, akirusha mpira kana kwamba anatupa jiwe kumfukuza fisi! Mara nyingi alikosa. Watazamaji walimpigia kelele arushe tena, na yeye akarusha tena. Siku moja mwaka 1993, akiwa Philadelphia, alifunga mara sita kwa namna hiyo katika nusu moja ya mchezo. Hakuna aliyeweza kusema leo atafanya nini.

Ndugu, mgeni akichekwa ana njia chache. Anaweza kujificha, anaweza kukasirika, au anaweza kucheka pamoja na wanaomcheka huku akiendelea na kazi yake. Manute alizijaribu zote. Aliwahi kupigana uwanjani, na mara nyingi zaidi alifanya mzaha na kuwatania wenzake hadi wakampenda. Tusimhukumu kwa haraka. Sisi tuliofika hapa bila kujua Kilugbara tunajua ulimi mzito unavyomfanya mtu mzima aonekane mtoto.

Sasa tuje kwenye fedha zake, maana hapo ndipo swali letu linapokaza. Huko kwao vita viliendelea tangu mwaka 1983. Manute alipata mshahara mkubwa, na sehemu kubwa ya mali yake aliitoa kwa ajili ya Sudan Kusini. Alitembelea kambi za wakimbizi, alisaidia ndugu wasiohesabika, na alichangia pia harakati za SPLA. Kwa hili la mwisho baadhi yetu wanatikisa kichwa, kwa sababu wanaijua bunduki kutoka upande wa pili, na hatutawanyamazisha. Mtu anayetoa kwa moyo mweupe hawezi siku zote kujua mkono wa mwisho utafanya nini na alichotoa. Ila jambo moja haliwezi kukanushwa: hakujiwekea akiba ya kutosha.

Miaka ya 1990 alirudi Khartoum akitumaini amani. Imeelezwa kwamba alitajiwa cheo cha uwaziri iwapo angebadili dini yake ya Kikristo, naye akakataa. Alibaki pale bila kazi, akizuiwa kuondoka, hadi alipopata njia ya kupitia Misri. Akaingia Marekani tena mwaka 2002, safari hii kama mkimbizi. Nchi ile ile iliyokuwa imempigia makofi ilimpokea akiwa na karatasi kama zetu.

Mwaka huo huo alifanya jambo lililowaaibisha marafiki zake wengi. Alikubali kupigana ndondi kwenye televisheni na mchezaji mwingine mstaafu, mtu mnene aliyejulikana kwa jina la utani la "Friji". Ilikuwa burudani ya kuchekesha, mrefu na mnene. Alikubali kuvaa mavazi ya mchezo wa magongo wa kwenye barafu, ingawa hakujua kuteleza juu ya barafu. Sharti lake katika ndondi lilikuwa kwamba namba ya simu ya shirika lake la kuwasaidia watoto wa Sudan ionyeshwe kwa watazamaji.

Je, alipoteza heshima? Wapo wanaosema ndiyo. Wanasema mtu mzima hauzi kicheko, na kwamba alilidhalilisha kabila lake na bara lake. Neno hili lina uzito. Tunakumbuka katika Kitabu cha Waamuzi jinsi Samsoni, mwenye nguvu kuliko wote, alivyotolewa gerezani ili Wafilisti wamfanyie mchezo. Hakuna anayesoma habari hiyo bila kuona uchungu.

Lakini tuangalie tofauti. Samsoni aliletwa akiwa amefungwa. Manute alikwenda mwenyewe, akijua anachotaka. Watazamaji walidhani wanamtumia ili wacheke, kumbe naye anawatumia ili watoto wale. Mama anayechekwa sokoni kwa sababu ya nguo iliyochanika, na bado anasimama kuuza mihogo yake hadi apate karo, hajapoteza heshima yake. Heshima ya mtu hupotea anapomtendea mwenzake ubaya. Haipotei kwa sababu mwenzake amemcheka.

Mtu mwingine atatujibu kwamba mwenye njaa hachagui, na kwamba Manute alikuwa hana fedha, kwa hiyo hakuwa na uhuru tunaomsifia. Tunakubali kwamba mlango wake ulikuwa mwembamba. Lakini kama hivyo ndivyo, aibu haikuwa yake. Ilikuwa ya wale waliomwacha abebe mzigo wa watu wengi peke yake. Na hapa, ndugu, swali linageuka na kututazama sisi.

Mwenye kipawa ugenini hudaiwa kutoka pande mbili. Huko aliko wanamdai awe kama wao. Aliko toka wanamdai abaki kama alivyokuwa, na atume. Si Waafrika tu. Mwaka 2013 kijana wa Kuba, Yasiel Puig, aliingia katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani na timu ya Los Angeles Dodgers. Alipiga mpira kwa namna iliyowashangaza wote, na kwa namna hiyo hiyo aliwachosha makocha: alichelewa, alikimbia pale alipotakiwa kusimama. Magazeti yalimwita mtovu wa nidhamu. Kisha ikajulikana kwamba alitoroka kisiwa chake kupitia mikono ya wavushaji wa magendo huko Meksiko, na kwamba walikuwapo waliodai sehemu ya mapato yake yote ya baadaye kama malipo ya kumvusha. Kabla hajashika gongo lake Marekani, tayari alikuwa amegawanywa. Anayetazama uwanjani huona kijana asiyetulia. Haoni vikaratasi vilivyo mfukoni.

Sisi pia tulimpa kijana wetu vikaratasi. Miezi ya kwanza alipokea simu. Baadaye akawa hapokei. Tulikasirika, na katika kikao kimoja, mbele ya mama yake, tulisema amesahau alikotoka. Ilipita karibu miaka miwili ndipo ndugu mmoja alipotuletea habari kamili. Kijana alikuwa akifanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, kwenye baridi, akilala chumba kimoja na wenzake. Fedha alizotuma kwa mazishi ya shangazi yake alikuwa amezikopa. Na tangu afike huko hakuwa amegusa gitaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza habari za gitaa.

Tunaandika haya kwa sababu tuliomba toba kwa mama yake, na tunaona ni vema wengine wasirudie kosa letu.

Basi tunasema nini? Hatusemi kwamba ndugu hawana haki yoyote. Mtu hakujizaa mwenyewe. Manute alijua maziwa ya nani yalimrefusha, na tungemheshimu kidogo kama angekula peke yake. Yusufu alipopata cheo Misri hakuwafungia ghala ndugu zake. Lakini tukumbuke kwamba ndugu walewale ndio waliomuuza, na kabla ya kubeba nafaka walipaswa kukutana naye uso kwa uso kama mtu. Kipawa ni amana. Mwenye nacho hana ruhusa ya kukizika, na sisi hatuna ruhusa ya kumkamua mpaka itoke damu. Wafugaji wanajua: ng'ombe asiyeachiwa maziwa ya ndama wake, mwaka unaofuata zizi ni tupu.

Manute alifariki tarehe 19 Juni 2010 huko Virginia, akiwa na miaka 47 kwa hesabu ya karatasi zake. Alikuwa ametoka tu Sudan, ambako alihangaikia ujenzi wa shule huko Turalei. Hakuiona siku ya uhuru wa Sudan Kusini, tarehe 9 Julai 2011. Alizikwa nyumbani.

Ila kipo alichotoa ambacho hakikuisha. Huko Misri alikutana na watoto wakimbizi, akawafundisha mpira. Mmoja wao alikuwa Luol Deng, mzaliwa wa Wau, ambaye baadaye alilelewa London na kucheza miaka mingi NBA. Deng aliposhika uongozi wa mpira wa kikapu wa Sudan Kusini, alikusanya vijana waliotawanyika Australia, Marekani na kwingineko, wengi wao watoto wa kambi. Mwaka 2024 timu hiyo ilikwenda Olimpiki ya Paris na kuishinda Puerto Rico kwa pointi 90 kwa 79. Kabla ya mchezo ule walipigiwa kwa makosa wimbo wa taifa lingine. Walisimama wakangoja hadi wimbo wao ulipopigwa, kisha wakacheza. Fedha alizotuma Manute zililiwa siku nyingi zilizopita. Muda aliokaa na mtoto uwanjani bado unazaa.

Kuhusu kijana wetu: Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya tulimpigia simu, tukiwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayeomba kitu. Tulimwuliza hali yake. Alinyamaza kwa muda, tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza ni nani siku hizi anaimba sauti ya tatu. Tulimwambia kweli, kwamba hakuna.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, tuna ndugu aliye mbali ambaye tunamjua kwa anachotuma tu? Mara ya mwisho tulimwuliza nini?

2. Anayetoa mpaka akaishiwa, je, ametenda vema au amejisahau? Na wanaopokea wanadaiwa nini?

3. Mtoto wetu mwenye kipawa akituambia siku moja kwamba amechoka, tutamjibuje?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, mlio karibu na mlio mbali.