Hiari ya Lugha ya Nne

Mtoto azaliwaye Shishiyu, katika Wilaya ya Maswa, hupewa lugha tatu kabla ya kuwa mtu mzima, wala hakuna hata moja kati ya hizo aulizwayo kama aitaka. Kisukuma hukipokea pamoja na maziwa ya mama. Kiswahili humngoja mlangoni mwa shule ya msingi, naye hukishika kwa kuwa ndicho kilichomo vitabuni na kinywani mwa mwalimu. Kiingereza humjia katika kidato cha kwanza bila kubisha hodi: jana alijifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, leo mambo yale yale yamevaa nguo ngeni, na mtihani utamhukumu kwa nguo hizo. Lugha ya kwanza ni ya damu, ya pili ni ya taifa, ya tatu ni ya cheti. Kila moja ina heshima yake na manufaa yake. Lakini ikiwa hiari ni kuona njia mbili na kuishika moja kwa kupenda, basi mtoto huyo hufika chuo kikuu na ndimi tatu kinywani, naye hajaonja hiari ya lugha hata siku moja.

Na ichukuliwe kuwa kijana wa namna hiyo, mvulana au msichana, amepata nafasi ya kwenda Japani kwa mwaka mmoja, akiwa mwanafunzi wa kubadilishana baina ya chuo na chuo. Afikapo hupewa karatasi ya kuchagua masomo. Upande mmoja yameandikwa masomo ya fani yake, uchumi au kilimo, ambayo wageni hufundishwa kwa Kiingereza. Upande wa pili yameandikwa madarasa ya Kijapani, toka la mwanzo kabisa hata la juu, mengine ya saa chache kwa juma, mengine ya kila siku. Hapana amlazimishaye. Aweza kukaa mwaka mzima, akala, akasoma, akafaulu, akarudi Bariadi na alama nzuri bila kujua zaidi ya kusema asante. Basi achague nini, na achague kwa haki gani?

Si kila mwanafunzi aendaye Japani hukutana na swali hili. Serikali ya nchi hiyo ilianza kuwapa wageni udhamini wa masomo mwaka 1954, na wale waendao kusomea shahada ya kwanza kwa udhamini huo hutangulizwa mwaka mmoja wa Kijapani, kwani masomo yatakayofuata yatakuwa katika lugha hiyo. Wao hawana la kuchagua. Mpango wa ABE nao, ulioanza kuwapokea vijana wa Afrika mwaka 2014 kwa shahada ya uzamili, ulifungamana na kozi za Kiingereza. Mwanafunzi wa kubadilishana amesimama kati ya hawa wawili, na mzigo wa kuamua ni wake.

Hoja ya kwanza itokayo nyumbani ni hoja ya jembe. Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi kuwa makao yake, ni nchi ya pamba. Huko pamba hulimwa kwa ajili ya fedha, mahindi, mtama na viazi vitamu kwa ajili ya chungu, na ng'ombe ni akiba isiyowekwa benki. Mwanafunzi atokaye katika nyumba ya wakulima hakujisomesha peke yake. Aghalabu yuko ng'ombe aliyeuzwa, yuko ndugu aliyeacha shule ili mwingine aendelee, iko palizi iliyofanywa na mikono pungufu. Wazee wakiuliza kama lugha hiyo italima, hawaulizi kwa ujinga. Waulizalo ni kama mali ya wengi yaweza kutumiwa kwa starehe ya mmoja, na swali hilo ni zito kuliko mengi yaulizwayo katika kumbi za falsafa.

Wapo wawajibuo wazee kwa haraka kwamba Kijapani kitaleta kazi katika kampuni za magari au katika utalii. Jibu hilo ni dhaifu. Wajapani wafikao Bariadi si wengi, na magari yao hutengenezwa kwa Kiswahili pasipo taabu yoyote. Ateteaye lugha kwa faida asiyoweza kuionyesha huipa hoja ya jembe ushindi wa bure. Ni afadhali kukiri mapema kwamba kwa kipimo cha soko la Maswa Kijapani hakiuziki, kisha kuuliza kama soko ndilo kipimo pekee.

Mwafrika na Mjapani wakutanapo kwa Kiingereza, wote wawili wamo ugenini. Kila mmoja huacha nje sehemu ya adabu yake kwa kuwa lugha ya kati haina mahali pa kuiweka. Mtu arudipo kutoka kazini, Mswahili humwambia "pole na kazi." Mwingereza akitaka kuyafasiri maneno hayo huishia kumpa pole mtu asiyefiwa wala kuumia. Mjapani hapungukiwi: atokaye kazini huambiwa "otsukaresama," na maana yake ni kuitambua taabu aliyoipata mwenzako na kuiheshimu. Vivyo hivyo mgeni asimamaye mlangoni mwa nyumba ya Kijapani kwa desturi ya zamani huita "gomen kudasai," na mtoto yeyote wa pwani au wa bara angejua bila mwalimu kwamba hiyo ni hodi. Hata maneno waliyoazima wote wawili yamepita njia moja: basi ni "basu," shati ni "shatsu," gilasi ni "gurasu," kwa sababu lugha zote mbili hupenda neno liishie kwa irabu. Jamaa hawa wawili wangeweza kuishi karibu mwaka mzima, wakizungumza kwa Kiingereza, na hakuna hata mmoja ambaye angejua kuwa mwenzake ana hodi na pole kama yeye.

Mfano ulio wazi zaidi watoka nchi jirani. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, Kenya, alipelekwa mwaka 2002, naye ana miaka 15, katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei huko Sendai, kwa ajili ya mbio. Alijifunza Kijapani hata akakisema vyema. Mwaka 2008 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo, naye alilitaja neno "gaman," yaani kuvumilia kimya kimya, kuwa miongoni mwa aliyoyapata Japani. Mtu aweza kusema kwamba uvumilivu uko Nyahururu pia, tena mwingi. Ni kweli. Lakini maisha yake, yaliyokatika mapema mwaka 2011, yanaonyesha walau kwamba neno lililojifunzwa ugenini laweza kuipa jina nguvu ambayo mtu alikuwa nayo tangu kwao.

Na ipo hoja nyingine, iliyo karibu zaidi na Shishiyu. Katika miaka ya 2010 mkoa wa Simiyu ulitangaza shabaha ya kila wilaya kuwa na bidhaa yake na kiwanda chake, na Maswa ikachagua chaki. Shabaha hiyo ina jamaa yake mashuhuri katika mkoa wa Oita, kusini mwa Japani, ambako gavana Hiramatsu Morihiko alianzisha mwaka 1979 mwito wa kila kijiji kuwa na bidhaa moja. Kutoka huko wazo limeenea katika nchi nyingi za Afrika. Lakini Oita wenyewe husimulia kwamba mwanzo wake ulikuwa nyuma zaidi, katika mji mdogo wa milimani uitwao Oyama. Mwaka 1961 wakulima wa Oyama waliamua kupanda miti ya matunda yafananayo na plamu na miti ya njugu za chestnati, katika wakati ambao siasa ya kilimo ya serikali ilikuwa kuhimiza mpunga. Ardhi yao ilikuwa chache na ya mteremko, mpunga haukuwafaa. Wakasema watapanda kitakachowafaa, na kwa utani wakaongeza kwamba fedha yake itawapeleka matembezi Hawaii. Baadhi yao walikwenda kweli.

Jambo hili lafaa kutazamwa kwa makini. Wazo lililokuja Afrika kwa ripoti na semina limekuja likiwa agizo: wakubwa wawaambie wadogo watoe bidhaa gani. Chimbuko lake lilikuwa wadogo kuwakatalia wakubwa. Kati ya mambo haya mawili kuna umbali mkubwa, na umbali huo haukuletwa na uongo wa mtu yeyote; uliletwa na safari ya lugha, kwani ripoti huandikwa na maofisa, na maofisa hufasiriwa na maofisa. Mkulima wa Oyama hakuandika ripoti kwa Kiingereza. Atakaye kujua walibishana nini mwaka ule, nani alikataa, miti mingapi ilikufa kwanza, na wake zao walisema nini, hana budi kuketi na wazee wa huko na kuwasikiliza kwa lugha yao. Hapo hoja ya jembe yenyewe yageuka na kumtetea mwenye kuchagua lugha.

Hata hivyo si haki kuipamba hoja hiyo kupita kiasi. Mwaka mmoja hautamfikisha mtu katika makaratasi ya Oyama. Kijapani huandikwa kwa namna tatu zilizochanganyika; mbili kati ya hizo ni za silabi na hushikwa kwa majuma machache, lakini ya tatu ni alama za asili ya Kichina, na zile zilizokubaliwa kwa matumizi ya kawaida tangu mwaka 2010 ni 2,136. Mwanafunzi wa mwaka mmoja atajua sehemu ndogo tu. Pengine atafurahi kuona kwamba alama ya pamba, 綿, imeundwa kwa uzi, weupe na kitambaa, na ataiandika daftarini mara nyingi kuliko inavyohitajiwa. Lakini gazeti litamshinda. Akijidanganya kwamba ananunua umilisi, atarudi na majuto. Anachonunua ni mwanzo, na mwanzo una thamani kwa yule tu atakayeuendeleza.

Wengine huleta hoja ya deni. Husema Wajapani wametangulia kujifunza lugha yetu, basi adabu yadai malipo. Mambo wayatajayo ni ya kweli. Nishie Masayuki alijifundisha Kiswahili tangu ujana wake wa chuoni Tokyo, akawaandikia Wajapani sarufi yake. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikaa Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, ziwa lile lile ambalo upande wa pili lapakana na Meatu katika Simiyu, wakiishi na Wadatoga na Wairaqw. Na tangu mwaka 1965 wenzao, wakiongozwa na Nishida Toshisada, waliwafuata sokwe katika milima ya Mahale na kuzungumza na wenyeji kwa Kiswahili. Osaka kilikuwako chuo cha lugha za kigeni kilichofundisha Kiswahili, na somo hilo halikufa chuo hicho kilipounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007. Lakini deni ni neno lisilofaa hapa. Watu hao hawakutumwa na Shishiyu, wala hawakukopesha kitu. Walijifunza kwa sababu walitaka kujua, na mtu hawezi kudaiwa kwa udadisi wa mwingine. Kinachopatikana kwao ni ushahidi tu: kwamba mtu mzima, mwenye elimu, aliweza kukubali kusemeshwa kama mtoto ili aelewe.

Na huenda hapo ndipo penye kizuizi kikubwa kuliko jembe. Kijana atokaye kata ya mbali hadi Japani alikuwa wa kwanza darasani tangu utoto. Amezoea kujua. Katika darasa la uchumi kwa Kiingereza ataendelea kujua. Katika darasa la mwanzo la Kijapani atasifiwa kwa kuomba maji bila kukosea, na jirani yake mwenye miaka 18 atampita. Wengi husema wameacha madarasa hayo kwa ajili ya wajibu wa nyumbani, kumbe wameyaacha kwa ajili ya aibu. Wajibu ni neno kubwa, lenye kivuli kipana, na aibu hupenda kupumzika chini yake. Mwanafunzi apimaye uchaguzi wake yampasa kwanza azitenganishe hizi mbili, kazi ambayo hakuna mshauri wa chuo awezaye kumfanyia.

Akishazitenganisha, kipimo cha kuchagulia hakiko mbali. Nadharia za uchumi zimo vitabuni, na vitabu vyaweza kusomwa Dar es Salaam au Bariadi, hata usiku kwa taa. Mazungumzo na bibi mwenye duka la mboga jirani na bweni hayapatikani kwingine kokote, wala hayatangoja. Basi katika masomo ya Kiingereza na ayashike yale yatakayohesabiwa katika shahada yake, pamoja na yale yahitajiyo maabara au shamba la majaribio asiyoweza kuyapata kwao. Mengine na ayaache, na saa zake azipeleke katika darasa zito la Kijapani awezalo kulibeba. Atafanya hivyo bila ahadi ya kazi. Kwa barua au kwa simu awaambie wazee kweli: kwamba lugha hii haitalima, kwamba ni yeye aliyeichagua, na kwamba ng'ombe wao hakuuzwa kwa ajili yake, ingawa imetokea humo humo.

Yamkini mzee atanyamaza kidogo. Kisha, kama wazee wa Usukuma walivyo, atataka kujua watu wa huko husemaje wakimkuta mwenzao anarudi kutoka shambani, na kama wanalima kwa ng'ombe au kwa nini, na mvua yao hunyesha mwezi gani. La kwanza kijana ataweza kulijibu papo hapo. Hayo mengine itambidi akamwulize yule bibi wa mboga.