Mwenye Akiba Ndogo Aende Nchi Gani?

Nataka tufikiri pamoja juu ya neno ambalo kwanza laonekana dogo: mtu mwenye fedha kidogo, akitamani kuiona nchi ya mbali mara moja katika maisha yake, achague nchi gani? Tajiri hana taabu na swali hili, maana akikosea mwaka huu atakwenda kwingine mwakani. Lakini mwalimu wa Mbulu, au mkulima wa Hanang, aliyeweka akiba shilingi kwa shilingi miaka mingi, hana safari ya pili. Kwa hiyo kuchagua kwake si jambo la anasa tu. Ni jambo la haki na wajibu.

Kwanza tuwasikilize wale wasemao kwamba asiende popote. Wao hunena, "Fedha hiyo ingenunua mtamba, na mtamba huzaa, safari huzaa nini?" Maneno haya yana uzito, wala hayafai kuchekwa. Katika nchi yetu ng'ombe wa mtu si wake peke yake. Twajua desturi ya wazee ya kumkopesha jirani ng'ombe apate maziwa na mbolea, na hivyo mali ya mmoja huwafunga watu wengi pamoja. Akiba nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa imetoka katika ada ya mtoto aliyerudishwa nyumbani, au katika dawa ya mama mgonjwa, hiyo si akiba bali ni deni. Tena ziko nyakati ambazo swali letu hujibiwa kabla ya kuulizwa. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaua watu na kufunika nyumba huko Katesh na vijiji vya jirani. Mwenye akiba ya safari siku ile hakuwa na haja ya kutazama ramani. Safari yake ilikuwa Katesh.

Lakini deni likiisha kulipwa, na mwenzi wake nyumbani akiwa ameridhika, simwoni msafiri kuwa mwizi wa watu wake. Wahenga walisema, "Tembea uone." Hawakusema tembea uonekane. Na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana huchagua nchi kwa sifa yake. Watu wakisikia fulani amefika London au Paris humwita mkubwa. Basi mtu hutoa akiba yote kwa tiketi ya ndege, na akifika hana fedha ya kula wala ya kupanda gari. Huyatazama majumba kwa nje, hupigwa picha mbele yake, kisha hurudi. Ameleta nini?

Huenda mtu akanijibu kwamba wako wa kwetu waliokwenda mbali, nasi twawaheshimu mpaka leo. Ni kweli. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani, na habari za safari yake zilipigwa chapa mwaka 1901. Martin Kayamba, karani wa serikali huko Tanga, alikwenda Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, akaandika kitabu cha yale aliyoyaona. Lakini hao hawakujilipia nauli, wala nchi hawakuichagua wao. Hatuwasomi kwa kuwa Uingereza na Urusi ni nchi za sifa. Twawasoma kwa kuwa walitazama kwa bidii, na Kayamba alikwenda akiwa na neno la kusema.

Wengine huchagua kwa bei. Huuliza tu nchi ipi ni rahisi. Nami nauliza: rahisi kwa nani? Mara nyingi chakula na kitanda ni rahisi kwa mgeni kwa sababu mpishi na mtandika kitanda hulipwa kidogo. Sisi wa huku twalijua jambo hili kwa upande wa pili, maana wageni hutoka ng'ambo kuja kuwatazama jirani zetu Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Yuko akaaye nusu siku, akapiga picha, akapunguza bei ya ushanga mpaka muuzaji akachoka, akaondoka. Yuko na mwingine akaaye, akauliza, akajifunza jina la mtu na kulitamka sawasawa. Wote wawili walitoka mbali. Mmoja tu ndiye aliyefika. Basi sisi tuliozaliwa mahali panapotazamwa yatupasa kujua namna ya kumtazama mwenzetu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mwenye akiba ndogo na aende katika nchi ambayo ana swali la kuiuliza. Bei itamwambia anapoweza kufika, lakini haimwambii anapofaa kwenda.

Nitatoa mfano. Wairaqw wa Irqwar Da'aw wamelima milimani vizazi vingi, na kwa samadi na bidii wameuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na lugha za jamii hiyo ni nyingi huko Ethiopia. Kusini mwa Ethiopia wako Wakonso, nao ni Wakushi kwa lugha, waliojenga matuta ya mawe katika milima yao. Mwaka 2011 nchi yao iliandikwa katika urithi wa dunia. Mwalimu wa Mbulu afundishaye kilimo ana swali kwa Mkonso: ninyi mnaushikaje udongo wenu, na vijana wenu wanakubali bado kubeba mawe? Njia yake ni ya basi: Arusha, Namanga, Nairobi, Marsabit, Moyale, kisha Yabelo mpaka Konso. Ni ndefu na ya kuchosha, na hapana budi kuuliza habari za usalama kabla ya kuondoka. Lakini atakuta Waethiopia wakihesabu saa tangu mapambazuko kama sisi, ingawa mwaka wao una miezi 13. Kiswahili hakitamfaa sana huko. Basi ujira wa mkalimani auhesabu mapema pamoja na nauli, wala asiombe kufasiriwa bure. Na akae siku kumi mahali pamoja kuliko siku mbili katika miji mitano.

Jirani yake Mdatooga labda atachagua karibu zaidi, vilima vya Kenya wakaapo Wakalenjin, ambao lugha yao ni ndugu ya lugha yake. Hakuna ubaya. Kila mtu ana swali lake, na umbali si kipimo cha heshima.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaulizia nauli, liandike swali lako katika karatasi, ukamsomee mkeo au mumeo na wazee wako. Wakiona lafaa kuulizwa, nenda kwa amani. Ukikosa la kuandika, ngoja kwanza, mtamba hatakudhuru. Nawe ukifika ugenini kumbuka, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Usingoje kupewa. Ulitwae mwenyewe, ulime pamoja na mwenyeji wako, nawe utajibiwa mengi ambayo hukuwaza kuyauliza.