Chukua Ubingwa wa Watoto, Uje Nao Berega

Daktari kijana, wewe uliyemaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo na sasa unakuna kichwa uchague ubingwa gani, chagua watoto. Ukishahitimu, panda basi la Dodoma, iache lami, ushike barabara ya vumbi inayoingia Ukaguruni hadi Hospitali ya Misheni ya Berega, Kilosa.

Najua wenzako wanavyokuambia: upasuaji una heshima, watoto ni makelele na kukesha. Lakini tazama kazi ilipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 67 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Chandarua, chanjo na dawa mseto ya malaria vimetufikisha hapo, na tujivunie. Sasa waangalie wachanga wasiofikisha mwezi: walikuwa 25, wakawa 24. Mmoja tu! Hapo ndipo tulipokwama, na hapo chandarua hakitoshi. Panataka mtu anayejua kumpumulisha mtoto aliyezaliwa asilie, kumkinga njiti asipoe, kuuona umanjano kabla haujadhuru ubongo, na kushtuka mapema kwa kichanga ambaye dalili yake pekee ni kuacha kunyonya.

Inawezekana. Wakunga wa hospitali nane za Tanzania walipofundishwa kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, ile wanayoiita dakika ya dhahabu, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Kifaa chenyewe ni mfuko wa kupumulishia, unaobanwa kwa mkono. Ila ujuzi usiporudiwa husahaulika, mkunga hodari huhamishwa, mpya huja. Lazima awepo mtu wodini anayeshika mikono ya wenzake wiki baada ya wiki. Mtu huyo ni wewe.

Usidhani kwenda Berega ni kuzika akili. Hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliofika wakiwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Vitabu vilikuwa vinaagiza wamiminiwe maji ya mshipa haraka. Mwaka 2011 majibu yalitoka: ndani ya saa 48, waliomiminiwa walikufa zaidi, kama asilimia 10.6, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Hospitali ya wilaya ilisaidia kuusahihisha ulimwengu! Tasnifu yako nayo inaweza kuanzia kwenye kitanda cha mtoto wa Kilosa.

Miaka ya uzamili, iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, itakuchosha. Utakesha, utazika, utatamani kuacha. Vumilia. Na usione haya kudai nyumba ya kuishi, mshahara wa kueleweka na oksijeni isiyokatika. Hayo ni haki yako, na bila oksijeni ubingwa wako utabaki kwenye cheti.

Kuna jambo la Berega linalonigusa sana. Pale kuna kituo cha kulea wachanga waliofiwa na mama zao wakati wa uzazi. Ukoo humtoa binti mmoja, akakaa kituoni na mtoto, akamlea hadi apate nguvu ya kurudi kijijini. Ni watu wa jembe, mikono ya shambani haiwatoshi, na bado wanamtoa binti wao ili kichanga kiishi. Wao wameshatoa chao. Zamu ni yetu sisi tuliosomeshwa kwa kodi zao.

Kwa hiyo wiki hii ongea na bosi wako kuhusu ruhusa ya masomo. Waandikie Berega, uwaulize wodi ya wachanga inahitaji nini. Dirisha la maombi likifunguliwa, jaza fomu: Watoto na Afya ya Mtoto.